Magonjwa ya zinaa kwa vijana wanaofika chumba cha dharura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura katika hospitali moja ya mkoa, Tanzania Bara. Maswali haya nimeyasikia mpaka nimeyazoea: mengine huulizwa kwa sauti, mengine kwa kunong'ona mzazi akishatoka nje. Majibu ni kwa kijana wa miaka kama 13 hadi 19 na kwa anayemlea. Sikuandika dawa kwa miligramu, kwa sababu kiwango anapanga anayekuona, si ukurasa wa mtandaoni.

## Unapofika

1. Nimekuja kwa ajili ya tumbo. Kwa nini naulizwa kama nimewahi kufanya mapenzi?

Maumivu ya chini ya kitovu kwa msichana yana sababu nyingi, na tatu kati yake hazisubiri: kidole tumbo, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni hadi kwenye mji wa mimba na mirija, ambayo wengi mnayajua kwa jina la PID. Zote tatu huweza kuanza kwa namna moja: tumbo linavuta, homa kidogo, kichefuchefu. Jibu lako ndilo linalotuonyesha tuanze kupima nini.

Ukisema hapana na kumbe ni ndiyo, hatukugombezi tukija kujua. Lakini muda unakuwa umepotea, na mimba iliyotunga kwenye mrija ikipasuka, muda ndio damu. Kwa hiyo hata ukikana, kipimo cha mimba tutakufanyia, na tutakuambia kwamba tunakifanya. Usikione kama tusi. Anafanyiwa kila msichana aliyevunja ungo akija na tumbo la namna hiyo.

2. Dalili zipi za kuja usiku huuhuu, na zipi zinaweza kungoja asubuhi?

Njoo sasa hivi kama tumbo la chini linauma sana na una homa au unatapika. Kama umekosa hedhi na tumbo linauma au unahisi kuzimia. Kama ni mvulana na korodani moja imeanza kuuma ghafla (swali la 21). Kama umelazimishwa kingono (swali la 20). Au kama kiungo kimevimba, una homa na vipele vichache vimetokea kwenye mikono au miguu, maana kisonono kinaweza kuingia kwenye damu.

Uchafu ukeni, usaha kwenye uume, muwasho au kidonda kisichouma vinaweza kungoja kliniki ifunguliwe asubuhi. Havingoji wiki. Na kidonda cha kaswende kikikauka chenyewe, ugonjwa unakuwa bado uko mwilini.

3. Kila nikipima naambiwa UTI. Mbona haiponi?

Swali hili ningependa kila msichana alijue jibu lake, kwa sababu nimeona mabinti wanaomeza sipro mara tatu, mara nne kwa mwaka, kila mara kwa "UTI sugu".

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Unakojoa kwa maumivu, unaenda maabara ya mtaani, mkojo unaangaliwa na kuonekana una seli za usaha. Karatasi inaandikwa UTI. Lakini seli za usaha zinasema tu kwamba kuna mahali mwili unapigana. Hazisemi unapigana na nani. Klamidia na kisonono vikiwa kwenye njia ya mkojo au shingo ya kizazi huleta seli zilezile. Sipro haiaminiki tena kwa kisonono kwa sababu ya usugu, na kwa klamidia si dawa tunayoitegemea. Unapata nafuu kidogo, kisha inarudi, na ugonjwa unaendelea kupanda taratibu.

Ukiambiwa UTI kwa mara ya pili ndani ya miezi michache na umeshaanza kujamiiana, uliza wazi: "Je, nimepimwa klamidia na kisonono?" Swali hilo halimkosei mtu adabu. Na kama kweli ni UTI, mkojo uoteshwe maabara ili ijulikane ni kijidudu gani na kinauawa na dawa ipi.

## Vipimo

4. Lazima nivue nguo na kuingiziwa vifaa?

Si kila mara. Kwa klamidia na kisonono, mashine za kisasa zinazotafuta vinasaba vya kijidudu zinatumia mkojo wa kwanza kutoka, au pamba ambayo msichana mwenyewe anaiingiza ukeni akiwa chooni. Inatoa majibu mazuri kama ya daktari akichukua mwenyewe. Shida ni kwamba si kila hospitali ina mashine hiyo au vitendanishi vyake.

Kama tumbo linauma, daktari anahitaji kupima kwa vidole ili ajue kama shingo ya kizazi inauma ikiguswa. Hiyo ndiyo dalili kubwa ya PID. Unaweza kuomba muuguzi wa kike awepo, unaweza kuomba mama abaki au atoke, na ukisema "subiri", anasubiri.

5. Kwa nini nimepewa dawa kabla majibu hayajatoka?

Kwa sababu Tanzania, kama nchi nyingi zilizo na maabara chache, inatibu kwa kufuata dalili. Kundi fulani la dalili linatibiwa kwa dawa zinazoua vijidudu vyote vinavyolileta mara nyingi. Usaha kwenye uume, kwa mfano, unatibiwa kama kisonono na klamidia kwa pamoja, palepale.

Njia hii ina udhaifu, na siufichi. Wapo wanaomeza dawa ya ugonjwa wasio nao. Na wasio na dalili, ambao kwa klamidia ndio wengi miongoni mwa wasichana, hawaguswi kabisa. Lakini kwenye chumba cha dharura kuna sababu ya ziada: kijana aliyeondoka bila dawa huenda asirudi kuchukua majibu. Ana mtihani, hana nauli, au anaogopa kuulizwa anakwenda wapi. Kwa PID hatungoji kabisa, maana kila siku ya kuchelewa inaongeza hatari ya kovu kwenye mirija.

6. Nitapimwa na VVU pia?

Utashauriwa upime VVU na kaswende, kwa sababu magonjwa haya hupita njia moja na mwenye kidonda au usaha huambukizwa VVU kwa urahisi zaidi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 Tanzania Bara anaweza kuridhia mwenyewe kupima VVU. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 18.

Majibu yakiwa hasi na ulijamiiana bila kinga wiki iliyopita, bado hujamaliza. Rudia baada ya miezi mitatu. Na kama ni chini ya saa 72, nenda swali la 20 hata kama hukulazimishwa. PEP, yaani dawa za kuzuia VVU visishike mwilini, si ya waliobakwa peke yao.

## Dawa

7. Kweli sindano moja inamaliza kisonono?

Kwa kisonono cha kawaida, ndiyo: sindano moja ya seftriaksoni kwenye msuli. Inauma, sitakudanganya, na ndiyo maana huchanganywa na dawa ya ganzi inayofaa kwa msuli tu. Lakini klamidia mara nyingi inasafiri na kisonono, na sindano hiyo haiigusi klamidia. Hivyo unaongezewa doksisaiklini ya siku 7. Kwa PID vidonge vinakwenda siku 14, pamoja na metronidazoli.

Wengi wanaofikiri "sindano haikufanya kazi" ni wale waliochoma sindano wakaacha vidonge droo.

8. Kwenye bahasha wameandika 1×2. Maana yake nini?

Kidonge kimoja, mara mbili kwa siku: asubuhi na jioni, kama saa 12 kati yake. Si vidonge viwili kwa mpigo.

Naliweka hapa kwa sababu ya binti wa kidato cha tatu aliyerudi akiwa anatapika. Alitoa bahasha tatu kwenye mfuko wa sketi, zimekunjwa pamoja na daftari la zoezi la hesabu. Moja imeandikwa 1×2, nyingine 2×2, ya tatu wino umefutika kwa jasho. Alikuwa amesoma kama hesabu: moja mara mbili ni mbili, mbili mara mbili ni nne. Alimeza mbili na nne kwa pamoja, mara moja kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, kabla dada yake hajaamka. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyemsomea maandishi yale.

Siku hizi kabla kijana hajaondoka dirisha la dawa namwomba aniambie yeye atameza nini, saa ngapi, na ataficha wapi. Ndiyo, ataficha wapi, kwa sababu dawa iliyoonekana nyumbani ndiyo inayoachwa. Na kidonge cha kwanza anameza mbele yangu.

9. Doksisaiklini inanichoma kifuani. Niache?

Usiache. Imeze na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa angalau nusu saa. Ikikwama kooni inachubua. Chakula kinapunguza kichefuchefu, lakini itenganishe na maziwa, vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia kwa saa mbili hivi, maana vinaizuia isiingie mwilini. Jua litakuunguza haraka kuliko kawaida. Ukitapika ndani ya muda mfupi baada ya kumeza, au ukawa hushiki chochote tumboni, rudi hospitali: kuna dawa mbadala.

10. Siku ya tatu usaha umekatika. Naweza kubakiza nyingine?

Hapana, na usimgawie rafiki. Nusu dozi inatuliza dalili na kuwaacha vijidudu vilivyo vikali zaidi.

11. Je, kujiosha ndani kwa ndimu, sabuni au maji ya chumvi?

Acha kabisa. Uke una bakteria wazuri wanaoulinda, na kuosha ndani kunawaondoa. Osha nje kwa maji, basi.

## Siri na mzazi

12. Mama ataambiwa?

Unayo haki ya kuongea na mtoa huduma faragha, na sisi tunajua jinsi ya kuipata hiyo faragha. Mama akiwa ndiye anayejibu kila swali, namwomba akafungue faili au akalipie dirishani. Dakika tano zile ndizo za kweli. Ulichosema hapo hakipigiwi kelele koridoni.

Lakini nisikuahidi nisichoweza kukitimiza. Ukiwa chini ya miaka 18, matibabu makubwa kama upasuaji yatahitaji mzazi au mlezi. Na kama kuna mtu anakuumiza, anakulazimisha au anakutumia, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka tutoe taarifa. Nikifika hapo nitakuambia kwanza, uso kwa uso, kabla sijamwambia mwingine. Muuguzi asiyekueleza mipaka ya siri kabla hujaanza kuongea, muulize mwenyewe.

Wengi tunaishia kukubaliana kwamba mama aambiwe; kinachobaki ni aambiwe na nani na kwa maneno gani. Mara nyingi binti anataka aseme yeye, nami nikiwa nimekaa pembeni.

13. Mimi ndiye mzazi. Mwanangu amekutwa na ugonjwa wa zinaa. Nifanye nini leo?

Leo hakikisha dawa zinamezwa na siku ya kurudi inajulikana. Maswali ya "nani" na "tangu lini" uliza mkishapoa, na uliza kwa nia ya kujua kama yuko salama. Mtoto aliyechapwa kwa sababu ya PID, ikimrudia atakaa nayo kimya.

## Kurudi na kufuatiliwa

14. Dawa ni za siku 14. Kwa nini nirudi baada ya siku tatu?

Kwa sababu PID inayosikia dawa huanza kuonyesha nafuu ndani ya saa 72: homa inashuka, unatembea bila kuinama. Kama hakuna nafuu, pengine si PID, pengine ni jipu kwenye mirija, na pengine dawa hazishuki. Hapo unahitaji kulazwa, kipimo cha altrasaundi na dawa za mshipa.

Ukichagua kurudi mara moja tu, iwe hii ya siku ya tatu. Na usingoje siku ifike kama maumivu yanapanda, unatapika dawa au umezimia.

15. Majibu yakitoka baada ya mimi kuondoka, mtanipataje?

Hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Namba iliyo kwenye faili huwa ya baba, ya jirani, au ya laini iliyokwisha tupwa. Kwa hiyo jibu maswali haya kabla hujaondoka: simu ni ya nani? Nani mwingine anaishika? Saa ngapi uko peke yako? Ujumbe mfupi unasomwa na nani?

Tukubaliane neno. Mimi husema, "Kadi yako iko tayari, uje uichukue." Akipokea mtu mwingine naomba nipigiwe mwenye kadi akiwepo, sitaji ugonjwa wala idara. Kama huna simu kabisa, tupange siku na saa ya kuja, na jina la mtu wa kumuulizia mapokezi, ili usianze kueleza shida yako upya dirishani mbele ya foleni. Hospitali yenye huduma rafiki kwa vijana ndiyo mahali pazuri pa kufanyia marudio haya, kuliko kukaa tena na majeruhi wa bodaboda.

16. Nikae muda gani bila kujamiiana?

Siku 7 baada ya sindano au dozi ya mara moja. Au mpaka umalize vidonge vyote na dalili ziishe. Na mwenza naye awe ametimiza muda wake. Akitibiwa mmoja, mnarudishiana.

17. Kupima tena ni lini?

Kwa klamidia na kisonono, baada ya miezi mitatu, hata kama mwenza ametibiwa. Nia ni kukamata maambukizi mapya, ambayo kwa vijana ni ya kawaida mno. Usiharakishe kupima klamidia kabla ya wiki nne, kwani mashine inaweza kuona mabaki ya vijidudu vilivyokufa na kukuambia bado unaumwa. Anayefuatiliwa upesi ni mjamzito na aliyekuwa na kisonono cha koo.

Kaswende ina hesabu yake. Kipimo cha haraka cha kidole mara nyingi hubaki chanya maisha yote hata ukishapona. Kinachotuonyesha kupona ni kipimo cha damu kinachosoma kiwango, na kiwango hicho kinatakiwa kishuke angalau mara nne.

## Mwenza

18. Nitamwambiaje? Na kama hataki kuja?

Maneno machache yanatosha: "Nimetibiwa maambukizi ambayo unaweza kuwa nayo hata kama husikii kitu. Nenda na karatasi hii." Tunakupa kadi ya kumwita mwenza, haina jina la ugonjwa. Wanaohusika ni wote uliojamiiana nao ndani ya siku 60 kabla ya dalili.

Kama ukimwambia atakupiga, au ni mtu mzima mwenye mamlaka juu yako, usimwambie. Tuambie sisi. Kijana wa kiume anayesema "mimi niko fiti" mwambie kwamba klamidia kwa wanaume pia hukaa kimya. Apeleke mkojo tu.

## Hali za pekee

19. Nina mimba. Dawa hizi ni salama?

Seftriaksoni na sindano ya penisilini zinatumika. Doksisaiklini hapana, klamidia kwa mjamzito inatibiwa kwa azithromaisini, na kipimo kinarudiwa baada ya wiki nne hivi. PID ukiwa na mimba ni ya kulazwa. Kaswende kwa mjamzito haina mbadala wa penisilini: mwenye mzio anaandaliwa polepole hospitalini mpaka mwili uipokee, kwa sababu dawa nyingine haimkingi mtoto ipasavyo.

20. Nimelazimishwa kingono. Niende polisi kwanza au hospitali?

Hospitali. Matibabu yanaanza, PF3 (fomu ya polisi) inafuata. Penye kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, ustawi wa jamii na polisi wako mahali pamoja. PEP ya kuzuia VVU inaanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Unaimeza siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafanya kazi hadi siku tano, lakini kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Dawa za kisonono, klamidia na trikomona unapewa bila kungoja dalili, na chanjo ya homa ya ini B kama hujawahi kuipata. Ikiwezekana usioge na uje na nguo ulizovaa kwenye mfuko wa karatasi. Lakini kama umeshaoga, njoo vilevile. Namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bila malipo.

21. Mimi ni mvulana, korodani moja inauma. Si kisonono tu hiki?

Inaweza kuwa, lakini usijitibu. Korodani iliyojisokota inakosa damu, na uwezekano wa kuiokoa uko juu ndani ya saa sita za mwanzo. Maumivu ya ghafla, kutapika, korodani kupanda juu: njoo usiku huohuo hata kama huna nauli ya kurudi. Maambukizi yenyewe huja taratibu, kwa siku kadhaa, mara nyingine na usaha. Hatuwezi kuvitofautisha kwa simu.

22. Nimechomwa sindano ya kaswende mchana, usiku nimepata homa na kutetemeka. Ni mzio?

Mara nyingi si mzio. Vijidudu vingi vikifa kwa mkupuo mwili hupata homa, baridi na maumivu ya misuli ndani ya saa 24, kisha hali inapita. Kunywa maji, meza panado, pumzika. Mzio wa kweli unakuja na vipele vinavyowasha, uso au midomo kuvimba, au kifua kubana; hivyo rudi mara moja. Mjamzito anayepata homa hii na kuhisi tumbo linakaza, au mtoto kupungua kucheza, naye arudi usiku huohuo.